Nyimbo 18,000, nusu yake WMA: je, nizigeuze zote ziwe FLAC?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina nyimbo zinazokaribia 18,000 kwenye kompyuta, nilizokusanya kwa miaka mingi. Nusu hivi ni WMA nilizotoa kwenye CD zangu mwenyewe, theluthi ni MP3, na zilizobaki ni FLAC na M4A. Nimepata pleya mpya ambayo haisomi WMA kabisa. Nimefikiria nizigeuze zote ziwe FLAC kwa mkupuo mmoja, ubora uongezeke na nisirudie tena kazi hii. Nitumie programu gani? Na nikimaliza, nifute za zamani?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Programu nitakutajia, lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Zito ni hili: usizigeuze zote. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo hazihitaji kuguswa, na zile zinazohitaji hazitibiwi kwa dawa moja. Kabla ya kuuliza fomati ipi ni bora, uliza sauti iliyo ndani ya kila faili ilipitia wapi hadi kufika hapo.

Tuanze na hilo la ubora. CD hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stereo, na kila sampuli ina biti 16. Jumla ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani megabaiti 10 na ushei kwa dakika. FLAC huibana sauti hiyo kwa hesabu inayorudishika: ukiifungua unapata sampuli zilezile bila hata moja kubadilika. Faili hubaki takriban kati ya nusu na asilimia 70 ya ukubwa wa awali, kutegemea muziki wenyewe. WMA ya kawaida, MP3, AAC na Opus hupunguza ukubwa kwa njia nyingine, yaani kwa kutupa. Hutazama sauti ipi sikio halitaisikia kwa kuwa imefunikwa na nyingine kubwa zaidi, halafu huiondoa au huiandika kwa ukali mdogo. Kilichotupwa hakimo tena, na kugeuza fomati hakutakirudisha.

Kwa hiyo ukichukua WMA ya kilobiti 128 ukaifanya FLAC, umemimina kikombe cha maji kwenye pipa. Pipa ni kubwa, maji ni yaleyale. Tuchukulie WMA zako ni 9,000 na kila wimbo una wastani wa dakika nne. Kwa kilobiti 128, kila dakika hula kama megabaiti moja, hivyo zote zinakaa kwenye gigabaiti 35 hivi. Zigeuze ziwe FLAC na utahitaji zaidi ya gigabaiti 200 ili kusikia kile ulichokuwa ukisikia jana.

Kosa la upande wa pili ni kugeuza fomati yenye upotevu kwenda nyingine yenye upotevu pasipo sababu. MP3, kwa mfano, hukata sauti vipande vya sampuli 1,152 na kukigawa kila kipande katika kanda za masafa. Makosa yanayotokana na kupunguza ukali hufichwa chini ya sauti kubwa ili yasisikike. Programu ya pili ikija, haijui kwamba yale ni makosa. Inayaona ni muziki, inayatengea biti, kisha inaongeza ya kwake mahali pengine. Ngoma nzito na sauti ya mwimbaji huvumilia. Wa kwanza kuumia ni matoazi, kayamba, makofi ya hadhira na herufi "s" mdomoni mwa mwimbaji: huanza kusikika kama maji yanayochuruzika. Mgeuzo mmoja kwa kiwango cha juu huenda usiusikie kabisa. Mitatu minne kwa kiwango cha chini utaisikia hata kwenye spika ya simu.

Hapo MP3 zako zimeshapata hukumu: ziache. Kila pleya inazisoma, pamoja na hiyo mpya. Mwaka 2017 taasisi ya Fraunhofer ilipofunga mpango wake wa leseni za MP3, vichwa vya habari vilitangaza kwamba MP3 imekufa. Ukweli ulikuwa kinyume chake. Hataza zilikuwa zimeisha muda, na fomati ikawa huru kwa yeyote. Hakuna moto wa kuzikimbiza. FLAC zako nazo ziache, ila nitazirudia kidogo, maana si kila FLAC ni FLAC.

Sasa tuje kwenye WMA na M4A, ambako ndiko kwenye kazi. Jina la faili halikuambii kilichomo. M4A ni kasha tu; ndani yake panaweza kuwa na AAC, ambayo hutupa, au ALAC ya Apple, ambayo haitupi kitu. WMA vivyo hivyo: ipo ya kawaida, ipo ya Pro, na ipo isiyo na upotevu, zote zikiishia na herufi zilezile tatu. Ukizigeuza kwa kufuata jina, utazitendea sawa faili ambazo si sawa.

Kutofautisha ni rahisi. Weka programu ya MediaInfo, au kama unatumia ffmpeg, programu ya kugeuza sauti kwa kuandika amri, andika `ffprobe "wimbo.wma"` na utazame mstari wenye neno Audio. Ukiona `wmav2`, ni ya kawaida yenye upotevu. Ukiona `wmalossless`, umeokota dhahabu. Kwa M4A utaona `aac` au `alac`. Hata namba ya kilobiti inakupa fununu: yenye upotevu huwa 128, 192, 256, isiyo na upotevu mara nyingi hucheza kati ya 600 na 1,000 na haina namba kamili. Kwenye foobar2000, pleya ya kompyuta, unaweza kuongeza safu ya kodeki (aina ya ubanaji uliotumika ndani ya faili) kwenye orodha, ukaipanga, na nyimbo zote 18,000 zikajitenga zenyewe mbele ya macho yako. Mimi hufanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishazitenga, WMA zisizo na upotevu na ALAC zigeuze FLAC bila wasiwasi wowote. Ni sampuli zilezile zikihamia kasha lingine, na hilo linaweza kuthibitishwa, nitakueleza. M4A zenye AAC ziache kama pleya inazisoma, na nyingi zinazisoma.

WMA za kawaida ndizo kichwa cha habari. Umesema ulizitoa kwenye CD zako mwenyewe. Je, CD hizo bado unazo? Kama unazo, umepata njia pekee ya kweli ya kupandisha ubora: sahau WMA, toa muziki upya kwenye CD moja kwa moja kwenda FLAC. Kwenye Windows tumia Exact Audio Copy, kwenye Mac tumia XLD. Zote hulinganisha ulichotoa na hazina ya AccurateRip, iliyojengwa na matokeo ya watu wengine waliotoa CD hiyohiyo. Yakilingana, una hakika kwamba mkwaruzo haukuharibu kitu. Najua nyimbo 9,000 ni CD mia saba au zaidi, na hakuna mwenye moyo wa kukaa na zote mfululizo. Usijaribu. Anza na zile unazozisikiliza, weka CD moja au mbili pembeni huku ukifanya kazi nyingine, na zile ambazo hujazigusa miaka yote hii zingoje zamu.

Kama CD haipo tena, na faili ni ya kawaida yenye upotevu, geuza mara moja tu na kwa kiwango cha ukarimu. Chaguo langu ni MP3 kwa LAME, programu ya kutengeneza MP3, kwenye mpangilio wa V0, ambao hutoa wastani wa kilobiti 245 hivi, au AAC ya kilobiti 256. Usiige kiwango cha WMA kwa kusema "ilikuwa 128, basi nayo iwe 128". Mgeuzo wa pili unahitaji biti nyingi kuliko wa kwanza, kwa sababu unabeba muziki pamoja na makosa ya yule aliyetangulia.

Kuna ubaguzi mmoja ambao nautetea. Kama unazo WMA chache zisizopatikana popote, labda rekodi ya sauti ya mtu wa familia au onyesho lililonaswa na rafiki, zifanye FLAC. Ubora hautapanda, na nimeshasema hivyo, lakini hautashuka pia, na kwa nyimbo mia moja au mia mbili ukubwa si hoja. Agiza waziwazi FLAC ya biti 16, usiiachie programu ichague, maana baadhi huchagua 24 na kukupa faili nene isiyo na faida. Kisha andika kwenye sehemu ya maoni ya tegi (maelezo ya wimbo yaliyomo ndani ya faili, kama jina na msanii): "chanzo ni WMA 128". Bila maneno hayo, miaka kadhaa baadaye wewe mwenyewe utaamini kwamba hiyo ni nakala safi ya CD.

Na hiyo ndiyo FLAC ya uongo niliyoahidi kuirudia. FLAC ulizopata kwa watu zinaweza kuwa MP3 zilizovalishwa kanzu. Fungua mojawapo kwenye programu inayochora spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti kutoka ya chini hadi ya juu, kama Spek. Sauti ya CD hupanda hadi karibu na kilohezi 22 na hufifia taratibu kadiri inavyopanda. Iliyopitia MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi hukatwa karibu na kilohezi 16, mstari mnyoofu wa mlalo kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, juu yake giza tupu. Usihukumu kwa kimo ambacho sauti inaishia peke yake, kwani rekodi za zamani kwenye kanda hazikuwa na masafa ya juu tangu hapo. Kinachotia shaka ni ule ukingo ulionyooka kama uliokatwa kwa wembe.

Zipo pia WMA ambazo hazitageuka hata uzibembeleze. Windows Media Player ya zamani ilikuwa na kisanduku cha kulinda nakala wakati wa kutoa CD. Kikiwa kimewekwa alama, kila wimbo ulifungiwa leseni ya kompyuta ile. Nyimbo nyingi zilizouzwa mtandaoni miaka ile nazo zilikuwa na kufuli la aina hiyo, lile linaloitwa DRM. ffmpeg itakuonya ikikutana nayo. Ziweke kwenye folda yake na uziandikie orodha; hizo dawa yake ni CD au kununua nakala isiyofungwa.

Kwa njia, kama hiyo pleya mpya ni programu ya simu na si kifaa, jaribu kwanza VLC. Inasoma WMA bila shida, na huenda kazi yote hii ikapungua nusu. Si jibu la kishujaa, lakini ni jibu.

Programu ya kazi yenyewe: kwenye Windows napendelea foobar2000 pamoja na furushi lake la bure la programu za kubana. Ukitaka kitu cha bure kinachofanya kazi hata kwenye Mac na Linux, fre:ac kinatosha. Mzoefu wa mstari wa amri atatumia ffmpeg. Yoyote utakayochagua, itoe matokeo kwenye folda nyingine kabisa, hata diski nyingine, ikifuata mpangilio uleule wa msanii na albamu. Kamwe usigeuze juu ya faili za asili. Hakikisha inageuza nyimbo kadhaa kwa wakati mmoja, mmoja kwa kila kiini cha prosesa, maana programu nyingi za kubana hutumia kiini kimoja tu kwa wimbo. Ukichukulia kila kiini kinabana kwa kasi ya mara mia ya muziki wenyewe, dakika 36,000 ni saa sita kwa kiini kimoja, na saa moja na nusu kwa vinne. Zima vitu viwili: kusawazisha sauti na kubadilisha idadi ya sampuli. Wimbo wa 44,100 ubaki 44,100. Kusawazisha sauti kufanywe kwa ReplayGain, ambayo huandikwa kwenye tegi na kuacha sauti yenyewe bila kuguswa.

Kabla ya kubonyeza kitufe kwa zote, chagua nyimbo ishirini zenye usumbufu. Weka wenye jina refu, wenye herufi za lugha nyingine, wenye alama ya kuuliza kwenye jina, albamu ya mkusanyiko wa wasanii wengi, na onyesho la jukwaani ambalo nyimbo zake zimeungana. Geuza hizo tu, zipeleke kwenye pleya, kisha kaa uzisikilize na kuzitazama.

Kitakachokusumbua zaidi hapo ni tegi kuliko sauti. Kila fomati huandika majina kwa mtindo wake: WMA humhifadhi msanii wa albamu chini ya `WM/AlbumArtist`, FLAC humwita `ALBUMARTIST`, MP3 humweka kwenye fremu ya `TPE2`. Programu nzuri hutafsiri, mbovu huacha. Chukua albamu ya mkusanyiko yenye nyimbo 16 za wasanii 16. Msanii wa albamu akipotea njiani, pleya inaona wasanii 16 tofauti na kukuvunjia albamu moja kuwa 16, kila moja na wimbo mmoja. Ikitokea kwa albamu mia mbili, utaapa kwamba nyimbo zako zimepotea, kumbe zimetawanyika. Tazama pia namba za nyimbo, hasa albamu za CD mbili: namba ya diski ikidondoka, wimbo wa kwanza wa CD ya pili unakaa sambamba na wa kwanza wa CD ya kwanza. Picha za jalada zilizokuwa faili pembeni mwa nyimbo hazifuati zenyewe, zinakiliwe. Mp3tag itakusaidia kurekebisha nyingi kwa pamoja. Ni afadhali kusafisha tegi kabla ya kugeuza kuliko kusafisha mara mbili baadaye.

Onyesho la jukwaani lipo kwenye jaribio kwa sababu ya ukimya. MP3 huongeza kijipande cha ukimya mwanzoni na mwishoni mwa faili. LAME huandika idadi ya sampuli za kuruka, na pleya inayoisoma hiyo hesabu huunganisha nyimbo vizuri, isiyoisoma hukata makofi kila wimbo unapobadilika. FLAC haina tatizo hilo.

Na kuna mtego mmoja mdogo unaowanasa watu wenye mikusanyiko kama yako. Ikiwa folda moja ina `03 Mapenzi.wma` na `03 Mapenzi.m4a`, zote ukizigeuza FLAC zinakuwa `03 Mapenzi.flac`, na ya pili inaweza kuifuta ya kwanza kimyakimya. Iambie programu iulize au iruke, isiandike juu.

Kazi ikiisha, hakiki. Idadi ya faili ilingane, lakini usiishie hapo: linganisha urefu wa kila wimbo, wa asili na mpya. Faili iliyokatika njiani huwa na jina zuri na dakika pungufu, na hesabu ya faili haiioni. Kwa FLAC, amri ya `flac -t` hufungua kila faili na kuilinganisha na alama ya MD5 ya sauti iliyoandikwa ndani wakati wa kubana, hivyo iliyoharibika itajulikana. Kwa zile ulizogeuza kutoka WMA zisizo na upotevu au ALAC, foobar2000 ina kiongezi kinacholinganisha faili mbili sampuli kwa sampuli. Tumia hicho. Orodha zako za nyimbo za M3U ni maandishi tu: zifungue kwa kihariri cha maandishi na ubadilishe `.wma` kuwa herufi mpya, kwa nyimbo zilizogeuzwa. Hesabu za mara ngapi umesikiliza wimbo huwa kwenye hifadhi ya programu ya zamani, si kwenye faili, kwa hiyo hazitahama.

Kuhusu kufuta. ALAC na WMA zisizo na upotevu, zikishathibitishwa sampuli kwa sampuli na FLAC zikiwa na bekapu kwenye diski nyingine, futa. WMA za kawaida ulizozitoa upya kwenye CD, futa pia baada ya AccurateRip kukubali. WMA za kawaida zisizo na CD usifute. Hizo ndizo asili pekee uliyonayo, na MP3 ulizotengeneza ni nakala za matumizi tu. Zote 9,000 zingebaki, ni gigabaiti 35 tu. Zipe folda yake kwenye diski ya bekapu, na pleya yako ikija kubadilika tena, geuza kutoka hizo, si kutoka MP3.